Daftari la Septemba

Mwishoni mwa Agosti jioni za Winnipeg huanza kupoa, na ndipo ninapolitoa kabatini daftari langu, kaunta buku la jalada gumu nililokuja nalo Kanada kutoka Tanga mwanzoni mwa mwaka 2013, nikidhani nitaliandikia maneno ya Kiingereza nisiyoyajua. Maneno hayo yalijaza kurasa nne tu. Zilizobaki zimejaa majina ya vijana wa hoki ya barafu. Kila Septemba tangu mwaka ule, isipokuwa msimu wa korona ambapo milango ilifungwa kwa mashabiki, nimeandika humo majina ya chipukizi walioitwa katika kambi ya mazoezi ya Winnipeg Jets, timu ya mji huu, na mbele ya kila jina nimeandika nilichokiona na nilichokitabiri.

Tabia ya kuandika majina nilitoka nayo nyumbani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 11, na mwalimu hawezi kukaa mbele ya watoto bila orodha. Tulipofika huku, mke wangu alianza kazi ya uuguzi aliyoitiwa, lakini cheti changu cha ualimu hakikutambuliwa, nikaajiriwa kupanga mizigo katika ghala zamu ya usiku. Mchana nilikuwa na saa nyingi na sikuwa na darasa.

Aliyenipeleka kambini mara ya kwanza ni jirani yetu wa upande wa kushoto, mtu mzima aliyestaafu, ambaye tangu siku ya kwanza nilimwita mzee. Aliponiuliza maana ya neno hilo nilimweleza kwamba kwetu ni heshima, akalikubali, na mpaka leo hapa mtaani wapo watoto wa Kizungu wanaomwita hivyo. Mzee alikuwa ameipoteza timu yake mara moja. Jets wa zamani waliondoka mwaka 1996 wakahamia Phoenix, na mji ukakaa miaka 15 bila timu katika ligi kuu ya NHL, mpaka mwaka 2011 ilipohamishwa timu ya Atlanta na kupewa jina lile lile la zamani. Katika miaka hiyo 15 kilichobaki ni Manitoba Moose, timu ya daraja la chini yake, ambayo kwa muda mrefu ililea wachezaji wa Vancouver. Mzee alikwenda kuwatazama. Aliwapenda vijana akijua kwamba mwenye kuiva ataondoka kwenda kuchezea mji wa mbali, na nadhani ndiyo sababu macho yake juu ya chipukizi ni tofauti na ya mashabiki wengi: alizoea kumtazama kijana bila kumdai chochote.

Mimi nilitoka katika ushabiki wa namna nyingine. Nimelelewa Tanga, katika nyumba ya mashabiki wa klabu ya soka ya Coastal Union, ambako wazee bado wanasimulia ubingwa wa mwaka 1988 kana kwamba ulipatikana juzi. Kwetu timu inapoingia kambini, swali kubwa ni usajili: nani kasajiliwa, katoka klabu gani, ameshafunga mabao mangapi. Tunamngoja mchezaji aliyekwisha kuiva, na akikosa mabao katika mechi tatu tunaanza kuuliza aliyemleta ni nani. Sikumbuki hata siku moja ambapo barazani kwetu watu walibishana kuhusu kijana wa miaka 18 atakayekuwa tayari baada ya miaka mitano. Winnipeg wanabishana juu yake Agosti nzima, na sababu yake nilikuja kuielewa polepole. Mji ni mdogo kwa kipimo cha ligi hiyo, baridi yake inajulikana dunia nzima, na wachezaji wakubwa wenye haki ya kuchagua pa kwenda mara nyingi huchagua penye jua. Tena ligi imeweka ukomo wa mishahara kwa timu zote 32, kwa hiyo hata tajiri hawezi kununua kila anachotamani. Mji wa namna hii usipolea hauna timu, na meneja mkuu, Kevin Cheveldayoff, ameshikilia njia hiyo ya kulea tangu mwaka 2011.

Septemba 2013, basi, niliketi na mzee kwenye viti vya bati katika viwanja vya mazoezi vilivyo ukingoni mwa mji upande wa magharibi, pale panapoitwa sasa Hockey for All Centre. Ndani baridi ilikuwa kali kuliko nje. Kwenye barafu walikuwapo wanaume na wavulana waliochanganyika, zaidi ya 50, na mzee alinieleza hesabu ambayo haijanitoka: ligi inaruhusu timu kuwa na wachezaji 23, na zaidi ya nafasi 20 zina wenyewe tayari. Kila kijana niliyemwona akikata barafu kwa nguvu zake zote alikuwa anagombea nafasi moja au mbili, na wengi wao walilijua hilo walipokuwa wakifunga kamba za viatu.

Nilifanya kile ninachokijua. Nilipiga mistari, nikaandika majina, nikaweka safu ya alama. Karibu na jina la Mark Scheifele niliandika: «Amejaribiwa mara mbili, amerudishwa mara mbili. Hafai.»

Naomba msomaji anielewe kwamba kwa akili ya mwalimu wa darasa la saba hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Scheifele alikuwa chaguo la kwanza la timu baada ya hoki kurudi mjini, wa saba kwa jumla katika drafti ya mwaka 2011, yaani mgawo wa kila mwaka ambapo timu huchagua kwa zamu vijana wanaotimiza miaka 18. Wapo mashabiki waliotaka achaguliwe mwingine. Vuli ile ile alicheza mechi 7 akarudishwa katika timu yake ya vijana, Barrie Colts ya Ontario. Msimu uliofuata alicheza mechi 4 akarudishwa tena. Mtoto aliyekariri darasa mara mbili, mimi nilikuwa namweka dawati la nyuma ili nipate nafasi ya kuwahudumia watakaofaulu.

Mzee alichungulia daftari, akaniomba nimsomee nilichoandika. Nilipomsomea alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja: «Unajua alirudishwa kwa nani?» Sikujua. Kocha wa Barrie wakati huo alikuwa Dale Hawerchuk, mchezaji mkubwa kuliko wote katika historia ya Jets wa zamani, mtu ambaye mji huu baadaye ulimjengea sanamu. Kijana hakuwa amefukuzwa. Alikuwa amepelekwa kukaa karibu na mtu aliyecheza nafasi ile ile ya kati, katika jezi yenye jina lile lile, ili ajifunze kabla mwili wake haujapigwa na watu wazima. Na tena kulikuwa na kanuni ambayo sikuijua: kijana wa umri huo anayetoka katika ligi za vijana za Kanada anaweza kucheza hadi mechi 9 bila mwaka wa kwanza wa mkataba wake kuhesabiwa. Mechi ya kumi huanzisha saa. Kwa hiyo timu humwonjesha kijana ligi kuu, kisha hujiuliza kama inamfaa kukaa au kurudi, na jibu la kurudi mara nyingi ni la kumlinda. Msimu ule wa 2013 Scheifele hakurudishwa tena, na hajawahi kuondoka tangu hapo. Nimemwona akifunga mabao nisiyoweza kuyahesabu. Maneno yangu bado yapo kwenye ukurasa wa kwanza wa majina, na sijayakata.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu safari hii sikuwa mgeni. Septemba 2014 aliletwa kipa mmoja kutoka chuo kikuu cha Massachusetts Lowell, aliyechaguliwa wa 130 katika drafti ya mwaka 2012, raundi ya tano, baada ya timu zote kumpita zaidi ya mara moja. Kabla ya chuo alikuwa amecheza katika ligi ndogo huko Odessa, Texas, mahali ambapo hakuna anayetafuta hoki. Niliandika: «Kipa mrefu, mzito, hajirushi.» Makipa niliowazoea katika uwanja wa Mkwakwani kule Tanga walijitupa kama samaki kwenye nyavu, na nilidhani kipa asiyejitupa ni mvivu. Mzee, ambaye hakuwa na desturi ya kunisahihisha mpaka nimwombe, alisema tu nimtazame kipa yule kabla ya shuti badala ya wakati wa shuti. Nilipofanya hivyo niliona kwamba hakuwa na haja ya kujirusha, kwa kuwa kila mara alikuwa ameshafika. Utulivu nikaudhani uzito. Alipelekwa mbali, St. John's katika kisiwa cha Newfoundland, ambako ndiko timu ya kulelea ilikokuwa wakati huo, na aliingia ligi kuu Novemba 2015. Ni Connor Hellebuyck. Ameshatwaa tuzo ya Vezina, ile ya kipa bora wa ligi, mwaka 2020, 2024 na 2025, na mwaka huu wa 2025 alitwaa pia tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote, jambo ambalo makipa hulipata kwa nadra sana.

Baada ya hapo niliacha kuandika alama, nikamwomba mzee anifundishe kutazama. Alichonifundisha kinahusu hasa mahali pa kuweka macho. Shabiki mpya hufuata paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo, na mwenye paki ndiye anayemwona. Mzee alinitaka nichague kijana mmoja nimfuate yeye tu, hasa paki inapokuwa mbali naye. Je, anageuza shingo kutazama nyuma ya bega kabla pasi haijamfikia, au anangoja ifike ndipo atafute pa kuipeleka? Akipokonywa, hurudi kwa mwendo gani? Katika hoki mchezaji hukaa kwenye barafu chini ya dakika moja kisha hubadilishwa mchezo ukiwa unaendelea, na katika sekunde tano za mwisho za zamu yake, mapafu yanapowaka moto, ndipo tabia inapoonekana: wapo wanaosimama wima na kuteleza kuelekea benchi, na wapo wanaokimbia ili mwenzao asiingie amechelewa. Kurasa zangu za tangu 2015 zimejaa mambo ya namna hiyo. «Alitazama nyuma mara mbili.» «Alimngoja mlinzi wake.» «Alikasirika, akasahau zamu yake.»

Nilipokuwa nikiandika hayo, aghalabu mawazo yalikwenda Tanga. Kuna mzazi mmoja niliyemwita ofisini, nikamwambia kwamba mwanawe hana kichwa cha shule na ni bora atafutiwe ufundi mapema kuliko kupoteza ada ya sekondari. Nilisema kwa upole na niliamini namsaidia. Lakini ushahidi wangu ulikuwa nini? Alama za mitihani miwili na mkao wake dawatini. Sikuwahi kumtazama mtoto yule paki ilipokuwa mbali naye, kama ninavyoweza kusema sasa. Sikujua anafanya nini akishindwa swali, kama hugeuka kumwuliza mwenzake au hukaa kimya akiona haya. Baba yake alinishukuru, akamtoa. Sijui kijana yule yuko wapi leo, na ufundi ni kazi ya heshima, huenda anaendelea vizuri kuliko mimi. Ninachokijua ni kwamba nilitoa hukumu kwa mtoto wa miaka 13 kwa haraka ambayo timu ya hoki, yenye fedha na biashara yake, haithubutu kuitumia kwa mwanamume wa miaka 20.

Kungoja pia kunaweza kupitiliza, na sitaki kusema kwamba kila kijana lazima angojewe. Mwaka 2016 alikuja Patrik Laine kutoka Finland, wa pili katika drafti, akiwa na miaka 18, na msimu wake wa kwanza alifunga mabao 36. Huyo hakuhitaji kupelekwa popote. Aliondoka kwa kubadilishwa Januari 2021, na mji ukaumia. Vilevile yupo kijana anayeamua mwenyewe kwamba hapa si pake: Rutger McGroarty, chaguo la 14 la mwaka 2022, alikwenda Pittsburgh Agosti 2024 bila kuichezea Jets mechi hata moja. Wengi walikasirika. Mimi nilihama nchi nikitafuta pa kufanyia kazi, sikuona ningewezaje kumlaumu.

Kuna ukurasa mmoja ambao nikiufungua huwa naufunga haraka. Chaz Lucius alichaguliwa wa 18 mwaka 2021. Januari 2023 nilimtazama kwenye runinga katika mashindano ya dunia ya vijana, Marekani wakigombea medali ya shaba na Sweden, mechi iliyokwisha 8 kwa 7 katika muda wa nyongeza, naye akafunga mabao matatu likiwemo la ushindi. Kisha likaja jeraha, na jingine, na upasuaji. Mashabiki, nami nikiwamo, tulianza kusema maneno yale yale tunayoyasema kila mahali: mwili wake laini, hana bahati, timu ingemchagua mwingine. Aprili 2025 ilitangazwa kwamba anaacha hoki akiwa na miaka 21, baada ya madaktari kugundua kuwa ana ugonjwa wa kuzaliwa nao uitwao Ehlers-Danlos, unaodhoofisha tishu zinazoshika viungo vya mwili. Kijana alikuwa akijituma kwa mwili ambao haukuwa umejengwa kwa mchezo ule, na sisi tuliita ulaini. Katika ukurasa wake niliandika tarehe tu.

Sasa, Agosti 2025, kambi nyingine inakaribia. Msimu uliopita Jets walimaliza wa kwanza katika ligi nzima kwa pointi 116, na tarehe 4 Mei tuliruka sebuleni hadi watoto wakaamka Adam Lowry alipofunga dhidi ya St. Louis katika muda wa nyongeza wa pili wa mechi ya saba na ya mwisho ya raundi ya kwanza ya mtoano, baada ya Cole Perfetti kusawazisha zikiwa zimebaki sekunde chache mno. Tulitolewa na Dallas raundi iliyofuata. Kisha Julai Nikolaj Ehlers, aliyelelewa hapa tangu drafti ya mwaka 2014, akahamia Carolina, na upande wake wa winga umebaki wazi. Katika pengo hilo ndimo tulimopitisha Agosti yote kwa mabishano.

Brad Lambert ndiye anayenishughulisha zaidi. Alipokuwa mdogo alitajwa miongoni mwa bora wa kizazi chake, akateremka hadi nafasi ya 30 katika drafti ya mwaka 2022, akang'aa msimu wake wa kwanza kamili na Moose kwa pointi 55, yaani mabao na pasi za mabao, kisha msimu uliofuata ukampungukia. Nimesikia watu wakisema muda wake umekwisha. Ana miaka 21. Yupo Brayden Yager, aliyekuja badala ya McGroarty na aliyekuwa nahodha wa Kanada katika mashindano ya vijana ya mwaka huu. Amemaliza hoki ya vijana na sasa anaingia miongoni mwa watu wazima, sawa na chipukizi mwenzake Colby Barlow. Yager hucheza kati, na timu imemsajili Jonathan Toews, mwana wa Winnipeg hii hii, mwenye miaka 37 na vikombe vitatu vya Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, alivyotwaa na Chicago, ambaye hakucheza misimu miwili kwa sababu ya afya. Mji mzima una furaha kwa kurudi kwake, nami pia, lakini nafasi atakayoikalia mzee huyo wa hoki ndiyo ambayo kijana angeigombea. Yager huenda akacheza vizuri kuliko baadhi ya watakaobaki, na bado akapelekwa Moose, kwa kuwa kijana anaweza kuteremshwa bila hatari ilhali mchezaji mkongwe lazima kwanza anadiwe kwa timu nyingine 31, nazo zinaweza kumchukua bure. Shabiki asiyeijua kanuni hiyo huona dhuluma.

Kuteremshwa kwenyewe, hapa kwetu, ni kuhama chumba cha kubadilishia nguo. Tangu mwaka 2015 Moose wamerudi Winnipeg na hucheza katika ukumbi ule ule wa Jets, Canada Life Centre. Nimeshakaa humo Jumapili mchana, viti vya juu vitupu, nikiwatazama vijana walioondolewa kambini wiki mbili kabla. Beki Elias Salomonsson, aliyekuja kutoka Skellefteå akiwa bingwa wa Sweden, nilimfuata hivyo msimu mzima uliopita, na nimeandika juu yake kurasa mbili. Chaguo letu la kwanza la mwaka huu, Sascha Boumedienne, hatutamwona Septemba, maana ni mwanafunzi wa Boston na vyuo havitoi wachezaji wao kwa kambi hiyo. Nimemwachia mistari michache mwishoni.

Mzee amefanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi Juni na viti vile vya bati ni vya baridi, kwa hiyo nimeshona mto wa kukalia na mke wangu ameahidi chupa ya chai ya tangawizi. Tutakaa upande wa kulia, karibu na benchi, ambako mtu huona nyuso za wanaotoka kwenye barafu. Asubuhi ya kwanza nitaanza na Lambert. Nimekwisha kupiga mistari ya ukurasa, na jina lake nimeliandika juu kabisa, na mbele yake nimeacha nafasi pana.